Msimpokonye Mzee Mpini

Mwezi huu twataka kunena habari za majani ya uwanjani na vyombo vya kuyakatia, tena habari za wazee wetu, maana mambo haya mawili yamekutana katika nyumba nyingi, na mahali pengine yamekutana kwa ugomvi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mzee amekwisha maliza miaka yake ya kazi, amerudi nyumbani. Asubuhi hushika fyekeo, au husukuma mashine ya mkono, akakata majani yaliyo mbele ya nyumba. Watoto wake walioko mjini wakija kumwamkia na kumkuta katika hali hiyo, huona haya. Husema, “Baba, watu watatuonaje? Si watasema hatukutunzi?” Basi humpokonya mpini, wakamwita kijana wa kulipwa, na mzee hupewa kiti barazani. Jambo hili hutendwa kwa heshima, wala hatusemi ya kuwa watoto hao ni wabaya. Walakini twataka kuonyesha kwamba kwa heshima ya namna hiyo mzee aweza kupotewa na miguu yake.

Kwanza tutazame uwanja wenyewe ulitoka wapi. Wazee wetu wa zamani hawakuwa na desturi ya kutunza majani mbele ya nyumba. Uwanja ulifagiwa hata udongo ukang'aa, na jani lililothubutu kuota liling'olewa, kwa kuwa nyoka hupenda kujificha majanini. Uwanja wa majani mafupi ni desturi ya Ulaya, hasa ya Waingereza, nayo ilifika kwetu pamoja na vituo vya misheni, maboma ya serikali, shule na viwanja vya michezo. Huko Nairobi klabu ya gofu ilianzishwa mwaka 1906, na gofu haichezwi katika vichaka. Lakini liko neno moja la kuchekesha. Nyasi ziitwazo nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki, leo zimetandaa katika viwanja vya Australia, vya Afrika Kusini na vya California. Desturi ilitoka kwao, na majani yakatoka kwetu.

Huko Uingereza, hata mwanzo wa karne ya 19, majani ya viwanja yalikatwa kwa namna mbili. Ama walifungia kondoo wayale, ama waliwaajiri watu wenye miundu mirefu ya kushikwa kwa mikono miwili. Watu hao waliamka alfajiri, maana jani lenye umande hukatika vizuri kwa mundu kuliko jani kavu. Ilikuwa kazi ya ustadi, na ilitaka watu wengi, kwa hiyo uwanja wa majani ulikuwa anasa ya matajiri.

Ndipo akatokea fundi mmoja, Edwin Budding, wa upande wa Stroud katika Gloucestershire, mahali palipokuwa na viwanda vingi vya nguo za sufu. Viwandani mlikuwa na mashine yenye visu vilivyozunguka juu ya gurudumu refu, kazi yake kupunguza manyoya ya kitambaa ili kiwe laini. Budding akaitazama, akawaza: kisu kinachonyoa kitambaa kwa nini kisinyoe uwanja? Akatengeneza mashine ya chuma, upana wake inchi 19, yenye gurudumu zito nyuma. Mtu akiisukuma, gurudumu lile huzungusha meno ya chuma, na meno huzungusha visu vya mbele. Alipewa hati ya uvumbuzi tarehe 31 Agosti 1830. Husimuliwa kwamba alikuwa akiijaribu usiku, asije akaonwa na jirani wakamdhania amerukwa na akili. Katika mashine zake za kwanza, moja ilinunuliwa na bustani ya wanyama ya London.

Sasa sikieni jambo lililotuvuta kuandika habari zake. Katika hati ile Budding hakusifu visu vyake tu. Aliandika pia ya kuwa mabwana wa mashambani wakiisukuma mashine hiyo wao wenyewe wataona kuwa ni zoezi la kufurahisha, lenye manufaa na la kuleta afya. Yaani tangu mwanzo fundi aliona kwamba chombo hiki chakata majani na papo hapo chamtengeneza yule anayekisukuma. Kinachokatwa ni majani; kinachobaki ni nguvu za mtu.

Waliomfuata walifanya bidii kuiondoa ile taabu. Mashine zikafanywa nyepesi. Mmarekani mweusi, John Albert Burr, alipata hati mwaka 1899 kwa mashine ambayo visu vyake havikuzibwa upesi na majani, na iliyoweza kukata karibu na ukuta. Mwaka 1902 kampuni ya Ransomes ya Ipswich ilianza kuuza mashine ya injini ya petroli. Baadaye zikaja mashine ambazo mtu huketi juu yake kama dereva, na tangu mwaka 1995 kampuni ya Husqvarna ya Sweden imeuza mashine iendayo yenyewe uwanjani bila mtu. Hatuzilaumu kazi za mafundi hawa. Mwenye uwanja wa mpira wa shule nzima asukume kwa mkono mpaka lini? Lakini mwenye uwanja wa hatua thelathini mbele ya nyumba yake na afikiri kabla hajatoa fedha, maana huenda ananunua kitu cha kumnyima jambo alilokuwa akilipata bure.

Wataalamu wa mazoezi wamelipima jambo hili kwa hesabu. Nguvu atumiazo mtu aliyekaa kimya huziita 1, kisha hulinganisha kila kazi na hiyo. Katika orodha iliyotolewa Marekani mwaka 2011, kukata majani kwa mashine ya kuketi juu yake ni 2.5 tu. Kutembea nyuma ya mashine ya injini ni 5. Kusukuma mashine ya mkono ni 6. Kutembea barabarani kwa mwendo wa kawaida ni 3.5, na kukusanya majani kwa reki hukaribia 4. Kwa hiyo mzee mwenye reki mkononi amekwisha kumpita yule anayetembea, wala hakuna aliyemwambia kwamba yumo mazoezini.

Watu wengine hudhani kuwa zoezi ni la vijana wenye mpira, na ya kwamba mzee alikwisha kufanya kazi ya kutosha katika ujana wake, kana kwamba nguvu ni nafaka iwekwayo ghalani. Sivyo. Misuli ya mtu huanza kupungua baada ya miaka 30 hivi, kiasi cha sehemu 3 hata 8 katika kila 100 kwa kila miaka 10, na akipita miaka 60 hupungua kwa haraka zaidi. Misuli isiyotumika haingoji. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema kwamba watu wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hata 300 kila juma za kazi ya kuhemesha kiasi, na katika juma hilo siku mbili au zaidi wafanye kazi ya kutia misuli nguvu, na siku tatu au zaidi kazi ya kuuzoeza mwili usiyumbe. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mtu ainamaye na kuinuka, asukumaye na kuvuta, ageukaye kwenye ncha ya uwanja na kuanza mstari mwingine, amepata mengi ya hayo kwa kazi moja.

Daktari Mwingereza, Jeremy Morris, alilitazama jambo hili katika mabasi ya ghorofa ya London. Dereva huketi mchana kutwa. Mwenzake wa tiketi hupanda na kushuka ngazi mchana kutwa. Katika habari alizochapisha mwaka 1953 yeye na wenzake, wale wa ngazi waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, ingawa walikuwa ndani ya gari moja. Morris mwenyewe alizaliwa mwaka 1910 akafa mwaka 2009.

Twamjua mwalimu mmoja, hatutamtaja jina. Kwa miaka mingi alisukuma mashine ya mkono kila Jumamosi, kuzunguka nyumba yake na mbele ya darasa. Alipofika miaka 68 watoto wake walimpumzisha, wakaweka kijana mwenye mashine ya petroli. Mwaka wa kwanza hapakuonekana neno. Mwaka wa pili akawa hawezi kuinuka kitini mpaka ashike nguzo ya mlango. Kisha Jumapili akawa anabaki nyumbani, maana kilima cha kwenda kanisani kilikuwa kimemshinda, na watu wakasema mwalimu amezeeka. Baadaye akateleza karibu na choo, akavunjika kifundo cha mkono. Jambo hilo si la ajabu: Shirika la Afya Duniani limehesabu kwamba katika kila watu 100 waliopita miaka 65, watu 28 hata 35 huanguka kila mwaka, na mara nyingi sababu yake ni miguu iliyolegea.

Watoto walikuja wote. Wakasema atafutiwe kijana mwingine wa kumshika mkono. Mama yao, ambaye kila siku yumo katika kishamba chake cha mchicha na jembe, aliwasikiliza hata wakamaliza, kisha akasema, “Wanangu, mmemheshimu baba yenu hata hawezi kusimama. Sasa mwataka kumheshimu tena?” Mkubwa wao akajibu, “Lakini mama, akifa majanini tutawaambia watu nini?” Naye akasema, “Na akifa kitini, mtawaambia nini?”

Hapo wakanyamaza. Wakaenda kwa tabibu, akampima shinikizo la damu na kumsikiliza moyo, akatoa ruhusa, mkono ukiisha kupona, aanze kidogo kidogo. Mwalimu alianza na reki, dakika kumi asubuhi. Baada ya miezi miwili akashika tena mashine ya mkono, mstari mmoja, akapumzika, mstari wa pili. Hakurudi kuwa kijana, wala hatupendi kuwadanganya wasomaji. Sasa hukata nusu ya uwanja, sehemu ya tambarare tu. Ile ya mteremko ni ya kijana. Kilimani kwenda kanisani hupanda mwenyewe, hupumzika mara moja chini ya mwembe, na wanafunzi wake wa zamani hujifanya nao wamechoka ili wakae naye.

Tuseme sasa habari za vyombo, maana nia njema yenye chombo kibaya huleta maumivu ya mgongo. Kwa mzee chombo kiwe chepesi, tena kikali. Kisu butu hudai nguvu mara mbili, na mzee hana za kutupa. Visu vya mashine ya mkono vyapimwa kwa karatasi: zungusha visu kwa kijiti, usitumie kidole kamwe, na karatasi ikatwe safi bila kuchanika. Ikichanika, kaza ule upande wa kisu cha chini, au kinolewe. Fyekeo na panga zipitishwe tupa au kinoo kabla ya kazi.

Mpini usimwinamishe mtu. Wa reki ufike karibu na kidevu cha mwenye kuishika. Habari za jembe fupi ziko za kufundisha: katika mashamba ya California vibarua walilimishwa kwa jembe la mpini mfupi sana, migongo yao ikaharibika, hata mwaka 1975 jembe hilo likapigwa marufuku huko. Nasi twawaona akina bibi zetu wameinama kutwa kwa kijembe ambacho mpini wake ungaliweza kurefushwa kwa mti mmoja wa mwituni. Wenye vidole vya kuuma wazungushie mpini ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, ili uwe mnene na usiteleze. Na anayetumia fyekeo abadili mkono mara kwa mara, kwa kuwa fyekeo huzungusha kiuno upande mmoja, na mtu aweza kulala jioni akiwa amepindika kama upinde.

Namna ya kukata ni hivi. Msikate zaidi ya theluthi ya urefu wa jani kwa mara moja, maana jani likinyolewa sana ukoka hukauka na magugu huingia. Sheria hii yamfaa mzee kuliko mtu mwingine, kwa sababu yamtaka akate kidogo, lakini mara nyingi. Yule anayengoja hata majani yafike magotini, kisha aingia vitani siku moja, hujiumiza mwenyewe na uwanja pia. Wala msisukume mashine katika majani mabichi ya umande au ya mvua. Watu wa mundu walipenda umande, lakini mashine husongwa, na mguu huteleza. Saa tatu ya asubuhi, umande umekauka na jua halijawa kali, ndiyo saa njema. Kofia kichwani, maji karibu, na chakula kizito kingoje mpaka baadaye.

Mtu ajuaje kama amepita kiasi? Iko njia rahisi isiyotaka saa wala chombo. Afanyapo kazi ajaribu kusema na mwenzake. Akiweza kuzungumza lakini hawezi kuimba, kiasi ni kizuri. Akiweza kuimba wimbo hata beti la mwisho, basi anatembea tu, na aongeze kidogo. Akishindwa kusema maneno matatu pasipo kuvuta pumzi, apunguze. Na akisikia kifua kinabana, au kizunguzungu, au uzito katika mkono na taya, aache palepale, akae, na apelekwe hospitali siku iyo hiyo, asiambiwe kwamba ni uchovu. Kazi ya 6 katika ile hesabu tuliyoitaja ni nzito kwa mtu aliyekaa mwaka mzima, kwa hiyo asianze na mashine. Mwenye ngiri, mwenye ugonjwa wa moyo na aliyepasuliwa juzi waulize daktari kwanza.

Walio na mashine ya injini wana hatari nyingine. Kisu chake hurusha jiwe dogo kama risasi, basi uwanja uokotwe mawe na mifupa kabla ya kuanza, na watoto waondolewe kabisa, si kusogezwa tu. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto asiyetimiza miaka 12 asisukume mashine hizo, wala asiyetimiza 16 asiendeshe ile ya kuketi. Majani yakiziba, injini izimwe na waya wa plagi uchomolewe kabla mkono haujakaribia. Petroli isimiminwe injini ikiwa ya moto. Kelele yake, mtu akiisikia kwa muda mrefu, hudhuru masikio, na wazee wengi hawana masikio ya ziada, basi na wayazibe. Na hizi ndala! Twaona watu wazima wakisukuma visu vya chuma huku vidole vya miguu viko wazi. Vaeni viatu vya kufunika. Aliyekatwa na chombo cha kutu asifunge jeraha kwa majani akakaa. Aende akachomwe sindano ya pepopunda.

Kuna neno la mwisho lililo gumu kidogo. Mzee akirudi kwenye mpini, kijana aliyekuwa akilipwa atakula nini? Swali hili ni la haki, na mama yule wa mwalimu wetu hakulipuuza. Kijana hakufukuzwa. Alipewa mteremko, ua wa michongoma na kazi ya kunoa, na mwalimu humwonyesha namna ya kukaza kisu cha chini, jambo ambalo mafundi wa mjini humtoza fedha. Mshahara wake ulipungua kidogo mwanzoni, na watoto wakaujazia walipoona baba yao yu kilimani Jumapili. Si kila nyumba ina fedha za kufanya hivyo. Mahali pasipo nazo, wakae chini na kijana na kugawana siku, mzee siku mbili, kijana siku moja ya sehemu nzito.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutaandika habari za tupa na kinoo: namna ya kuvishika, upande gani wa kisu unolewe, na kwa nini panga jipya la dukani halikati.